Hesabuni Lita, Msihesabu Magari: Barua ya Wazi kwa Wanaopanga Sera ya Magari ya Umeme

Kwa Mawaziri wa Fedha, Nishati, Uchukuzi na Mazingira,
na kwa wabunge mnaopitisha bajeti za wizara hizo,

YAH: MISAMAHA YA KODI NA MIPANGO YA MAGARI YA UMEME

Waheshimiwa,

Husikeni na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni fundi wa laini za usambazaji wa umeme. Kazi yangu iko juu ya nguzo na chini ya transfoma, na ndiyo maana nimeona niwaandikie. Kila msimu wa bajeti nasikia ahadi ileile: ushuru wa magari ya umeme utapunguzwa au kufutwa, na ifikapo mwaka fulani asilimia kadhaa ya magari yatakayosajiliwa yatakuwa ya umeme. Idadi inatangazwa, watu wanapiga makofi, na gari jipya linapigwa picha mbele ya jengo la wizara. Sipingi magari hayo. Nayataka, na nayataka haraka. Ninachopinga ni kipimo. Mnahesabu magari yaliyouzwa, ilhali kinachomaliza fedha za kigeni, kinachochafua hewa tunayovuta na kinachoongeza joto la dunia ni lita za mafuta zinazochomwa. Vipimo hivi viwili vinaachana mbali sana, na pengo lililo kati yake linajazwa kwa kodi za wananchi.

Nianze na kwa nini magari haya yana faida, maana wapo wanaodhani ni fasheni itakayopita. Lita moja ya petroli imebeba nishati inayokaribia uniti 9 za umeme, yaani kilowati-saa 9. Injini inaichoma, na sehemu kubwa inapotea kama joto kupitia rejeta na bomba la moshi. Kinachofika kwenye magurudumu ni kama robo, na kwenye foleni kinapungua zaidi. Mota ya umeme inafikisha kwenye magurudumu zaidi ya robo tatu ya umeme uliotoka kwenye gridi, na dereva akipunguza mwendo sehemu ya nguvu hurudi kwenye betri. Kwa hiyo gari dogo linalokunywa lita 7 kwa kilomita 100, ambazo ni zaidi ya uniti 60, likiwa la umeme linatosheka na uniti 18 hivi kwa umbali uleule. Hiyo ni fizikia, haitegemei chama wala msimu wa uchaguzi.

Sasa tufanye hesabu ambayo sijaisikia kwenye hotuba yoyote ya bajeti.

Chukueni gari binafsi la mtu wa ofisini. Linatoka asubuhi, linashinda kwenye maegesho, linarudi jioni. Tuseme limetembea kilomita 30 na kutumia lita 2 za petroli. Ili liwe la umeme linahitaji betri ya uniti 60 hivi, na betri ndiyo kifaa ghali kuliko vyote ndani yake. Betri ya uniti 60, basi, imeondoa lita 2 kwa siku.

Chukueni pikipiki inayobeba abiria. Hii haishindi kwenye maegesho. Kilomita 120 kwa siku ni jambo la kawaida kwake, na hizo ni lita 3 za petroli. Ikiwa ya umeme inatumia kama uniti 4 kwa kilomita 100, kwa hiyo betri mbili ndogo za uniti 3 kila moja, moja ikiwa chini ya kiti na nyingine ikichajiwa kituoni, zinamfikisha dereva mwisho wa siku. Betri za jumla ya uniti 6 zimeondoa lita 3.

Chukueni basi la mjini. Kilomita 200 kwa siku, dizeli lita 40 kwa kila kilomita 100: lita 80 kila siku ya kazi. Betri yake ina uniti 300.

Gawanyeni wenyewe. Kila uniti moja ya betri iliyowekwa kwenye pikipiki ya abiria inaondoa mafuta mara 15 kuliko uniti hiyohiyo ingewekwa kwenye gari binafsi. Kwenye basi ni mara 8. Basi moja linaondoa lita sawa na magari binafsi 40. Badilisheni namba zangu mpendavyo, wekeni za miji yenu, vipimo vya barabara zenu, injini zenu. Majibu yatasogea kidogo, lakini mpangilio utabaki vilevile: chombo kinachotembea kutwa kinatangulia, kinacholala maegeshoni kinafuata kwa mbali.

Halafu angalieni msamaha wa kodi unakwendaje. Msamaha unahesabiwa kwa bei. Gari likiwa ghali zaidi, nafuu inakuwa kubwa zaidi. Mwenye pikipiki, ambaye chombo chake ni cha bei ndogo, anapata nafuu ndogo, na mara nyingi hata hiyo haimfikii kwa sababu shida yake haikuwa kodi. Shida yake ni kwamba hana fedha ya kununua kwa mkupuo na mkopo wake una riba ya kuumiza. Kwa maneno mengine, fedha za umma zinakwenda kwa wingi pale zinapoondoa lita chache, na zinakwenda kwa uhaba pale ambapo zingeondoa lita nyingi. Hili linaniuma, kwa sababu hakuna aliyeamua liwe hivyo. Limetokea tu kwa kuwa hakuna aliyekaa na kikokotoo.

Norway inatajwa kila mahali, na inastahili kutajwa. Mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyosajiliwa huko yalikuwa ya umeme tupu. Lakini someni walivyofika. Kodi ya ununuzi ilianza kuondolewa kwenye magari hayo miaka ya 1990, kodi ya ongezeko la thamani ikafuata mwaka 2001, yakaruhusiwa pia kupita kwenye njia za mabasi. Nchi hiyo inauza mafuta na gesi nje, na umeme wake karibu wote unatokana na maporomoko ya maji. Ilikuwa na mfuko wa kulipia safari ndefu namna hiyo. Hata hivyo, kuanzia Januari 2023 ilirudisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye sehemu ya bei inayozidi krona 500,000. Serikali isiyo na mfuko wa namna ile ikinakili msamaha bila kikomo, inanakili sehemu ya mwanzo ya hadithi ambayo wenyewe wameshairekebisha.

Jiji la Shenzhen, nchini China, lilianzia upande mwingine. Kufikia mwisho wa mwaka 2017 mabasi yake yote ya mjini, zaidi ya 16,000, yalikuwa ya umeme, kisha zikafuata teksi. Mabasi hayo yaligharimu zaidi ya yale ya dizeli, na ruzuku ndiyo iliyoziba pengo. Silifichi hilo. Ila ruzuku ile iliingia kwenye vyombo vinavyotembea kutwa, vinavyobeba watu wengi, na vinavyorudi usiku kwenye yadi inayojulikana, ambako umeme unaweza kupangiwa zamu.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya magari hulificha. Gari la petroli likiuzwa na tajiri aliyehamia kwenye umeme, halifi. Linapata mmiliki mpya na linaendelea kuchoma. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda nchi nyingine, mengi yakienda nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Ripoti za mauzo zitasema nchi fulani imesafika, na lita zimehamia bara jingine. Ndani ya nchi moja mambo ni hayohayo: ukimsamehe kodi mtu anayeongeza gari la umeme nyumbani huku la petroli akimwachia mwanawe, umelipia gari la pili. Nafuu ya serikali ifungwe na kuondolewa barabarani kwa chombo cha zamani, hasa basi bovu la dizeli linalotoa moshi mweusi.

Nije kwenye hewa ukaa, maana hapa pande zote mbili zinazidisha chumvi. Wapo wanaosema gari la umeme halichafui kabisa, na wapo wanaosema linachafua kuliko petroli kwa sababu ya betri. Kutengeneza betri kunatoa, kwa makadirio ya kati, kilo 80 hivi za hewa ukaa kwa kila uniti moja ya uwezo wake. Kwa hiyo gari lenye betri ya uniti 60 linaingia barabarani likiwa na deni la karibu tani 5. Lita moja ya petroli ikichomwa inatoa kilo 2.3. Gari binafsi linaloondoa lita 2 kwa siku, hata likichajiwa kwa umeme safi, litamaliza deni la betri yake baada ya karibu miaka 3. Pikipiki ya abiria itamaliza lake ndani ya siku 70 hivi. Basi la uniti 300, linaloondoa lita 80 za dizeli zenye kilo 2.7 kila moja, litamaliza ndani ya siku 112 hivi za kazi. Betri ni ileile, madini ni yaleyale, kiwanda ni kilekile. Tofauti yote inatokana na kazi ambayo betri imepewa.

Na hayo ni kwa umeme safi. Umeme wa makaa ya mawe unatoa karibu kilo 1 kwa kila uniti. Ukiongeza upotevu wa kwenye nyaya na kwenye chaja, gari linalotumia uniti 18 linahitaji kituo kizalishe uniti 20 au zaidi kidogo kwa kilomita 100, yaani kilo 20. Gari la petroli la lita 7 linatoa kilo 16 kwenye bomba lake, na ukijumlisha kuchimba, kusafisha na kusafirisha mafuta unafika karibu na hizo 20. Ni sare. Kwenye jenereta ya dizeli hali ni mbaya kwa namna nyingine: lita moja inatoa uniti 3 na nusu kwa bahati, hivyo gari linakula karibu lita 6 za dizeli kwa kilomita 100. Mafuta yametoka kwenye tangi la gari yakaingia kwenye tangi la jenereta, na nchi inaendelea kuyanunua.

Taasisi ya utafiti ya ICCT ilipima mwaka 2021 maisha yote ya gari la ukubwa wa kati, kuanzia kiwandani hadi kufikia mwisho wake, ikikadiria pia jinsi gridi zitakavyobadilika. Ulaya, gari la umeme lilitoa gesijoto pungufu kwa asilimia 66 hadi 69 kuliko la petroli. India, ambako makaa ya mawe yanatawala, upungufu ulikuwa asilimia 19 hadi 34. Gari moja, matokeo mawili. Waziri wa Nishati na Waziri wa Uchukuzi wakikaa vyumba tofauti, mmoja akajenga vituo vya makaa na mwingine akasamehe ushuru wa magari ya umeme, mmoja analipa kufuta kazi ya mwenzake. Kwa upande wa pili, nchi yenye maji, jotoardhi, upepo au jua la kutosha inapoteza nafasi kila siku inayochelewa. Ethiopia, ambayo umeme wake karibu wote unatokana na maji na mafuta yake yananunuliwa nje, ilitangaza mwanzoni mwa 2024 kuzuia uingizaji wa magari ya petroli na dizeli. Kuna mengi ya kujadili kuhusu kasi ya uamuzi ule, lakini sababu yake naielewa vizuri.

Sasa niruhusuni niseme ninachokijua kwa mikono yangu.

Watu wengi wakifikiria umeme wa magari wanafikiria mabwawa na vituo vya kuzalisha. Mara nyingi tatizo haliko huko. Liko mtaani, kwenye ile transfoma iliyopachikwa kwenye nguzo mbili. Transfoma ya kVA 100, yaani inayobeba karibu kilowati 100, huwekwa kwa kudhani kwamba nyumba zote hazitatumia umeme mwingi kwa wakati mmoja. Mmoja anapiga pasi, mwingine anapika, mwingine amelala. Chaja ya nyumbani ya kilowati 7 inavuruga dhana hiyo, kwa sababu inavuta nguvu nyingi kwa saa nyingi mfululizo, na watu wote wanarudi kazini saa zilezile. Magari 10 yakichomekwa mtaa mmoja saa moja jioni, hizo ni kilowati 70 juu ya taa, majiko, friji na pampu zilizokuwapo. Kwanza umeme unakuwa mdogo kwa walio mwisho wa laini, taa zinafifia. Kisha fyuzi zinakatika. Zikirudishwa zinakatika tena. Na transfoma inayolazimishwa hivyo kila jioni mafuta yake yanapata joto, insulesheni inazeeka, na siku moja inaungua. Anayekaa gizani hapo ni mtaa mzima, wakiwemo wasio na gari la aina yoyote.

Dawa yake inajulikana na haina gharama kubwa ikianza mapema. Gari linakaa nyumbani kwa muda wa saa 10 au zaidi kila usiku, na kwa kilomita 30 linahitaji uniti 6 tu. Hakuna sababu ya kulichaji saa moja jioni. Wekeni bei ya umeme inayoshuka kuanzia saa tano usiku hadi alfajiri, pamoja na mita inayotambua saa, na sheria kwamba kila chaja ya nyumbani inayouzwa iwe na uwezo wa kusubiri na kupunguza mvuto ikiamriwa na gridi. Umeme wa usiku wa manane upo kwa wingi kwenye mifumo mingi: visima vya jotoardhi havizimwi, upepo haulali, na mikataba mingine ya ununuzi wa umeme inalipiwa uwezo wa mtambo hata usipotumika. Magari yakinywa saa hizo, yanawapa mashirika ya umeme mapato kutoka kwenye mitambo ambayo tayari inalipiwa, na hilo linaweza hata kupunguza shinikizo la kupandisha bei kwa wengine. Yakinywa saa moja jioni, yanalazimisha kuwashwa kwa mitambo ya akiba, ambayo mara nyingi ndiyo ghali zaidi na ndiyo inayochoma mafuta. Nishati ni ileile, gari ni lilelile. Saa ndiyo inayoamua kama ni faida au hasara.

Nchi zenye jua kali zina njia nyingine, kuchaji mchana chini ya paneli, hasa kwa pikipiki zinazobadilishana betri vituoni. Betri iliyo kituoni haina haraka ya jioni.

Yadi za mabasi nazo zinahitaji kupangwa. Mabasi 50 yanayohitaji uniti 250 kila moja ni uniti 12,500 kwa usiku. Ukizigawa kwa saa 6 za usiku unapata megawati 2 na kidogo. Ukiyaacha yote yachomekwe kwa pamoja kwenye chaja za kilowati 100, yanadai megawati 5. Ni tofauti ya laini moja au mbili za msongo wa kati, na ya transfoma ambazo huagizwa na kusubiriwa kwa miezi mingi. Tafadhali msinunue mabasi kabla ya kuzungumza na watu wa usambazaji. Mabasi yanayokaa yadini yakisubiri nguzo ni picha mbaya kwa kila mtu, na wapinzani wa umeme wataitumia kwa miaka.

Waziri wa Fedha, sehemu hii ni yako hasa. Lita 80 za basi moja kwa siku 300 za kazi ni lita 24,000 kwa mwaka. Kwa miaka 12 ni lita 288,000 ambazo nchi inayoagiza mafuta haitazilipia kwa fedha za kigeni. Toa hapo gharama ya ziada ya basi, pengine na betri ya pili, na hesabu bado inabaki na maana. Bei ya betri imeshuka kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia: uniti moja iliyozidi dola 1,000 za Marekani mwaka 2010 ilikuwa kama dola 115 mwaka 2024. Ila gari na betri navyo vinaagizwa nje kwa nchi nyingi, na zaidi ya robo tatu ya seli za betri duniani zinatengenezwa China. Kwa gari binafsi la lita 2 kwa siku, fedha za kigeni zilizookolewa zinaweza zisifikie zile zilizolipwa ziada kulinunua. Kwa chombo cha kutwa zinafikia na kupita. Kipimo cha lita kinarudi tena.

Na kuna tozo ya mafuta. Barabara nyingi zinatengenezwa kwa fedha inayokatwa kwenye kila lita. Kila lita inayoondoka inaondoka na senti za barabara, na matairi ya gari la umeme, ambalo mara nyingi ni zito kuliko la petroli la ukubwa uleule, yanaendelea kuikanyaga. New Zealand ilianza kuyatoza magari ya umeme kwa kilomita kuanzia Aprili 2024, na Iceland ilitangulia miezi michache tu, Januari mwaka huohuo. Ninachoomba ni kwamba jambo hili litangazwe siku ileile ya kutangaza nafuu: nafuu itapungua kwa hatua hizi, katika miaka hii, na tozo ya kilomita kulingana na uzito itaanza mwaka fulani. Ujerumani ilisitisha ruzuku ya ununuzi Desemba 2023 kwa taarifa ya ghafla, kufuatia hukumu ya mahakama kuhusu bajeti, na mwaka uliofuata usajili wa magari ya umeme ulianguka kwa zaidi ya robo. Wafanyabiashara wanaweza kuishi na kodi. Mshtuko ndio unaowaua.

Kwa mwenye pikipiki, msamaha si msaada mkubwa kama nilivyosema. Mfuko wa dhamana unaomwezesha kukopa kwa riba inayobebeka utamfikia zaidi. Vilevile utaratibu wa kuuza pikipiki peke yake na kukodisha betri, ili alipie umeme na betri kidogo kidogo kama alivyokuwa akilipia petroli. Na hapa serikali lazima iweke kiwango cha plagi na umbo la betri. Kila kampuni ikiachiwa betri yake isiyoingia kwenye chombo cha nyingine, dereva anakuwa mateka wa kampuni moja, na siku ikifilisika pikipiki yake inageuka chuma chakavu.

Kuhusu afya nitasema machache, maana ushahidi ni mzito na hauhitaji kupambwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya nje ulihusika na vifo milioni 4.2 mwaka 2019. Moshi wa dizeli uliwekwa mwaka 2012 kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Wanaouvuta zaidi ni makondakta, wauzaji wa kando ya barabara, askari wa usalama barabarani na watoto wanaotembea kwenda shule, na wengi wao hawatanunua gari la aina yoyote. Basi la umeme linalopita mbele yao mara 20 kwa siku linawasaidia. Gari la kifahari lililoegeshwa kwenye ghorofa ya tatu haliwasaidii. Vumbi la matairi litabaki, na foleni itabaki pia: magari ya umeme 1,000 kwenye barabara moja yanaziba njia sawasawa na ya petroli 1,000.

Betri nazo zina mwanzo na mwisho. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sehemu yake kwa mikono ya wachimbaji wadogo walio kwenye mashimo yasiyo salama. Indonesia inachimba zaidi ya nusu ya nikeli, na sehemu kubwa ya uchakataji wake unaendeshwa kwa makaa ya mawe. Lakini zipo betri za chuma na fosfeti zisizo na kobalti wala nikeli. Zinabeba nishati pungufu kwa uzito uleule, zinadumu muda mrefu, na ni vigumu zaidi kushika moto. Kwa basi na pikipiki zinatosha kabisa. Mnaponunua kwa zabuni ya umma mnaweza kudai aina hiyo, na zabuni kubwa ya mabasi inasikika kiwandani kuliko wanunuzi mmoja mmoja.

Mwisho wa betri ndio unaonitia hofu zaidi. Mjini Thiaroye-sur-Mer, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sumu ya madini ya risasi iliyotokana na betri za kawaida za magari zilizokuwa zikivunjwa katikati ya makazi. Betri za lithiamu, zinazotumika kwenye magari ya umeme, hazina risasi, hatari yake ni nyingine: moto usiozimika kirahisi na gesi ya sumu inayotoka zikiungua. Lakini sababu ya kijamii ni ileile, yaani kifaa chenye thamani kinachotupwa bila mtu kuwajibika. Umoja wa Ulaya umeweka kanuni kwamba kuanzia Februari 2027 kila betri ya gari la umeme iwe na pasipoti ya kidijitali inayoeleza ilikotoka na hali yake. Wengine wasisubiri. Anayeingiza betri nchini asajili namba yake, aweke amana, na aipokee tena itakapochoka. Ikiwa bado ina asilimia 70 ya uwezo, inaweza kutunza umeme wa jua kwenye zahanati au shule kwa miaka mingine kabla ya kusagwa na madini yake kurudishwa kiwandani.

Magari yaliyotumika yanahitaji cheti cha hali ya betri kabla ya kupakiwa melini. Matoleo ya kwanza ya Nissan Leaf, yaliyotoka mwaka 2010 na betri ya uniti 24 isiyo na mfumo wa kupoza kwa maji, yalipoteza uwezo haraka kwenye maeneo ya joto kali. Mtu atakayeuziwa gari la namna hiyo kwa akiba yake yote atawaambia ndugu na majirani kwamba umeme ni utapeli, na kwa upande wake atakuwa anasema kweli.

Na mafundi. Gari la umeme lina nyaya za rangi ya chungwa zenye volti 400, nyingine 800. Fundi aliyezoea volti 12 akizishika bila mafunzo, hapati nafasi ya kujifunza mara ya pili. Vyuo vya ufundi vipewe fedha, mitaala, vifaa na glavu sasa hivi, na zimamoto wafundishwe, kabla ya magari kujaa. Mafundi wa injini wana familia, na wengi wao wana akili ya kazi inayoweza kuhamia kwenye mota na betri wakipewa mlango.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba mfanye jambo moja linaloweza kuanza bajeti ijayo bila sheria mpya. Pembeni ya kila nafuu, ruzuku au mkopo wa umma unaohusu magari ya umeme, chapisheni safu tatu: fedha iliyotumika, lita za mafuta zilizoondolewa kwa mwaka, na saa ambazo umeme wake ulivutwa kwenye gridi. Mita zinaweza kutoa takwimu hizo, kampuni za mabasi zina vitabu vya mafuta, na vituo vya kubadilishia betri vinarekodi kila betri inayotoka. Sisi wa usambazaji tutawapa orodha ya transfoma zinazoelemewa, mtaa kwa mtaa, mkituomba. Mpaka sasa hakuna aliyetuomba.

Wenu,
Fundi wa laini za umeme